Mawe Meupe kwenye Tangi la Wasike

Kimaiyo ndiye aliyepigilia msumari wa kwanza katika yadi ya Bwana Devshi, na hakumruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo. Yadi yenyewe ilikuwa kando ya reli, upande wa Nakuru unaoelekea Njoro, mahali ambapo wakati wa kiangazi upepo huleta vumbi jeupe la ziwani mpaka kwenye meno. Bwana Devshi alikuwa Mhindi aliyechoka kuuza misumari na rangi dukani. Mtu fulani alimletea mawe ya kijani kutoka milima ya kule Kerio, akaambiwa kwamba ndani yake mna shaba, na tangu siku hiyo duka likamkinaisha.

Yeye na Kimaiyo walijenga matangi mawili ya mbao, marefu kuliko mtu, wakayapaka lami kwa ndani ili yasiliwe na asidi. Jukwaa la kupandia wakaliweka kando yake. Kazi ilikwenda hivi: lori lilileta mawe, wanawake wakayachagua, wanaume wakayaponda kwa nyundo na kuyajaza tangini. Kisha asidi, iliyokuja kwa treni ndani ya chupa kubwa zilizovikwa vikapu, ilichanganywa na maji na kumwagwa juu ya mawe. Ilishuka polepole, ikatokea chini, ikarudishwa juu tena, na kila iliposhuka ilizidi kuwa buluu, mpaka mwishowe ukiitazama ungedhani mtu ameyeyusha anga. Maji hayo yalielekezwa kwenye mfereji uliojaa vyuma vikuukuu: madebe, majembe yaliyovunjika, mapete ya mapipa. Chuma kililiwa, na mahali pake palibaki tope jekundu. Tope hilo ndilo shaba. Lilianikwa juani, likatiwa magunia, likapanda treni kwenda Mombasa.

Mke wa Kimaiyo, Jepchumba, alikuwa miongoni mwa wanawake waliochagua mawe. Yeye na mwenzake Akeyo, mjane kutoka Nyanza, waliketi chini ya paa la bati wakitenga ya kijani huku na yasiyo na kitu kule. Zaidi ya yote waliambiwa wayaangalie mawe meupe, yale ya chokaa. Jiwe jeupe likiingia tangini, asidi hulikimbilia hilo kwanza, hutoa povu na kuvuma, na ikija kufika kwenye jiwe la kijani imekwisha nguvu. Kwa hiyo meupe yote yalitupwa kwenye lundo moja nyuma ya yadi, na lundo likakua.

Miaka hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Wakikuyu waliofanya kazi pale mwanzoni walikusanywa asubuhi moja na kupakiwa malori, wakarudishwa Riziv, kwenye maeneo waliyotengewa na serikali, na yadi ikabaki na watu wachache. Bwana Devshi akamwambia Kimaiyo atafute mtu. Kimaiyo akaenda stesheni, ambako aliwahi kuwa mpagazi, akamchukua Wasike.

Wasike alikuwa Mbukusu mrefu mwenye meno mazuri, aliyeweza kubeba gunia la mahindi huku akisimulia hadithi. Kimaiyo alimpenda. Alimfundisha kila kitu: kwamba asidi hutiwa kwenye maji na si maji kwenye asidi, kwamba shati likidondokewa usingoje, ulivue. Siku za kwanza Wasike alikula kwa Kimaiyo, katika chumba kimoja walichopewa ukutani mwa yadi, naye akamwita Jepchumba shemeji na kumbeba mtoto wao Chelagat mabegani.

Wivu haukuja kwa kishindo. Ulianza na rangi ya maji. Kimaiyo alikuwa akiyatazama maji ya tangi na kusema bado, au tayari, na Bwana Devshi akakubali. Kisha siku moja Bwana Devshi akauliza, “Na wewe Wasike, wewe naona vipi?” Wasike akachota kidogo kwa kopo jeupe la chai, akalielekeza kwenye jua, akasema yaachwe mpaka kesho. Yakaachwa. Tope la safari hiyo likawa zito na jekundu kuliko lililopita. Tangu hapo Bwana Devshi akitoka kwenye ofisi yake ya mabati alikuwa akiita “Wasike!” kabla hajafika mlangoni.

Halafu akamgawia tangi. La kwanza libaki la Kimaiyo, la pili liwe la Wasike. Mawe yalitoka kwenye lori moja, asidi kwenye chupa moja, lakini tangi la pili lilitoa shaba nyingi zaidi. Kimaiyo alisema ni kwa sababu mbao za tangi lake zilikuwa za zamani. Alisema wapondaji walimpelekea Wasike mawe madogo. Alisema mengi, na kila alilosema alilisema kwa mkewe, jioni, akiwa ameshika bakuli la mursik, maziwa yao ya mgando, bila kunywa.

“Si umwulize tu anavyofanya?” Jepchumba alimwambia.

“Nimwulize? Mimi ndiye nilimfundisha!”

“Basi sasa na yeye akufundishe. Kuna ubaya gani?”

Kimaiyo akaliweka bakuli chini. “Unamtetea.”

“Namtetea nani? Nimesema uulize.”

Lakini neno lilikwisha kuingia. Kesho yake aliwasikia wanawake wakicheka chini ya paa la bati, akachungulia kutoka jukwaani, akamwona Wasike amechuchumaa kati yao akiigiza jinsi kasisi mmoja wa kwao alivyoanguka kutoka kwenye baiskeli. Akeyo alikuwa akijifuta machozi. Jepchumba alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, mkono umefunika mdomo. Kimaiyo alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho yeye alimfanya mkewe afunike mdomo namna hiyo. Hakukumbuka. Akashuka akaenda kuponda mawe ambayo hayakuwa kazi yake kuyaponda.

Baada ya mavuno ya mahindi Bwana Devshi alimfanya Wasike nyapara wa yadi. Hakumwambia Kimaiyo kando, alitangaza mbele ya wote, kisha akatoa kwenye karatasi gambuti mpya za mpira, nyeusi, zilizofika magotini, akampa Wasike. “Nyapara anasimama kwa asidi saa yote,” akasema. “Lazima miguu yake iwe nzuri.” Kimaiyo alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyotobolewa na asidi mpaka vidole vikaonekana. Alizitazama gambuti zile. Alipiga makofi pamoja na wengine.

Wasike alimfuata nyuma ya tangi. “Ndugu, mimi sikuomba hii kitu.”

“Najua.”

“Nikimwambia akupe wewe, atakasirika.”

“Usimwambie. Zimekukaa vizuri.”

Wasike akamshika bega, akafurahi kwamba yamekwisha. Kwa Kimaiyo mkono ule ulikuwa mzito kama wa polisi.

Wiki ile hakulala vizuri. Hakumtakia Wasike kifo, wala hakutaka aumie. Alichotaka ni kitu kidogo: tangi la pili litoe maji yasiyo na rangi, mara moja tu, mbele ya Bwana Devshi, na Wasike asimame pale na kopo lake jeupe asijue la kusema. Wazo la namna ya kulifanya lilimjia akiwa anakojoa nyuma ya yadi, mbele ya lundo la mawe meupe.

Alichagua saa ya chakula cha mchana. Tangi la pili lilikuwa limejazwa mawe mapya asubuhi, bado halijamwagiwa kitu. Watu walikuwa upande wa barabarani wakinunua viazi vya kuchemsha. Kimaiyo alijaza debe kwa mawe meupe, madogo madogo pamoja na unga wake, akapanda jukwaani, akayamwaga juu ya mawe ya kijani. Akashuka, akajaza tena, akapanda tena. Kisha akafunika weupe wote kwa mawe ya kijani, akasawazisha kwa mkono, akajipangusa, akaenda kula viazi. Baadaye alisema viazi vile vilikuwa vitamu, na kwamba hilo ndilo lililomtisha alipolikumbuka.

Hakujua kitakachotokea. Alikuwa ameona jiwe jeupe moja au mawili yakianguka tangini kwa bahati mbaya na kufanya povu kama la sabuni. Hakuwa ameona madebe.

Mchana Wasike alipanda jukwaani na kuanza kumwaga asidi ndoo baada ya ndoo, akiimba kwa sauti ya chini. Kimaiyo alikuwa kwenye mfereji wa vyuma. Alisikia tangi likivuma. Mvumo ukapanda. Wasike akaacha kuimba, akainama kutazama, na kabla hajanyanyuka povu lilifika ukingoni, likamwagika juu ya jukwaa, la kijivu, zito, likichemka bila moto. Lilimfika magotini. Akarudi nyuma akateleza, akaanguka kwa makalio, na asidi ikaingia ndani ya gambuti kwa juu, ikajaa.

Ukelele wake ulisikika mpaka barabarani.

Kimaiyo alifika wa kwanza. Hakuwaza. Alimkamata Wasike kwapani, akamshusha ngazi akimburuta, akamtupa kwenye pipa la maji lililowekwa pale kwa ajili ya ajali. Miguu ilikuwa ndani ya maji lakini asidi ilikuwa ndani ya mpira, ikipika. “Viatu! Viatu!” Wasike alipiga kelele. Kimaiyo alivuta gambuti ya kwanza, haikutoka, mguu ulikuwa umevimba. Alivuta kwa mikono miwili, goti limeegemea pipa, na alipovuta aligundua kwamba yeye mwenyewe analia kwa sauti kama mtoto. Gambuti ikatoka pamoja na ngozi. Kisha ya pili. Jepchumba alikuwa amekwisha kufika na ndoo, akimwagia maji, akimwagia tu.

Bwana Devshi alimpeleka Wasike hospitalini kwa gari lake mwenyewe. Wasike alikaa huko mpaka vidonda vikafunga utando, kisha akaambiwa aende nyumbani akaoshwe na kufungwa kitambaa kipya kila siku. Nyumbani kwa Wasike palikuwa kitanda cha kupokezana katika mtaa wa Bondeni, na watu wasiokuwapo mchana. Jepchumba ndiye aliyesema, mbele ya kila mtu, “Aletwe kwetu. Kimaiyo ndiye amemwokoa, hawezi kumwacha sasa.”

Basi Wasike akaletwa. Akalazwa kwenye kitanda cha Kimaiyo, na Kimaiyo akalala sakafuni na mtoto. Kila asubuhi kabla ya kazi Jepchumba alichemsha maji yenye chumvi, akapiga magoti, akaiosha miguu ya Wasike taratibu, kidole kwa kidole. Kimaiyo alikaa mlangoni akitazama. Aliona mkewe akipuliza kidonda ili kisichome. Aliona Wasike akiuma meno, kisha akitania, na Jepchumba akatabasamu. Wivu wa kwanza ulikuwa kama kiu, mtu anaweza kuuvumilia. Huu ulikuwa kitu kingine, kwa sababu kila alipotaka kukasirika alikumbuka ni nani aliyempeleka mtu huyu kitandani mwake.

“Ndugu,” Wasike alimwambia asubuhi moja, “bila wewe ningekuwa sina miguu kabisa.”

Kimaiyo akatoka nje.

Bwana Devshi, wakati huo, alikuwa ameamuru tangi la pili litolewe mawe yote. Chini ya mawe ya kijani walikuta uji mweupe ulioganda kama plasta. Alimega kipande kwa vidole. Kisha akaenda moja kwa moja chini ya paa la bati.

Jioni ya siku hiyo Jepchumba alimwita mumewe kisimani, mbali na masikio ya mgonjwa. Aliweka mtungi chini.

“Mhindi anasema tumepitisha mawe meupe. Mimi na Akeyo. Anasema kesho ataamua.”

Kimaiyo akateremsha ndoo kisimani.

“Baba Chelagat, mimi najua nilichotoa kwenye mawe yale. Na lundo kule nyuma nalijua, mimi ndiye hulikuza. Limebonyea upande mmoja.” Alisubiri. “Debe lako la kuchotea vyuma lina unga mweupe kwenye pembe.”

“Unasema nini?”

“Sisemi kitu. Nimekuambia nilichokiona.” Akaubeba mtungi, akaondoka.

Asubuhi Bwana Devshi aliwasimamisha wanawake wawili mbele ya wafanyakazi wote. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, lakini siku ile sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema mtu ameungua kwa sababu ya uvivu wao, kwamba hataki kuwaona tena, waende. Akeyo alipiga magoti vumbini. Alisema ana watoto, alisema kwa jina la Yesu hakupitisha hata jiwe moja, akashika pindo la suruali ya Mhindi. Jepchumba alibaki amesimama, mikono imeshikana mbele, akitazama chini. Kimaiyo alingoja mkewe amtaje. Alingoja ainue tu macho. Hakuyainua.

“Ni mimi,” Kimaiyo alisema.

Bwana Devshi akageuka. “Nini?”

“Hawa hawana makosa. Mawe meupe nilitia mimi. Nilichukua kule nyuma.”

“Kwa nini?”

“Nilimwonea wivu,” Kimaiyo alisema.

“Wivu ya nini? Ya mwanamke?”

“Ya gambuti,” Kimaiyo akasema, na mtu mmoja nyuma akacheka bila kukusudia. “Ya gambuti, na ya tangi, na ya kuitwa kwanza. Ya kila kitu.”

Bwana Devshi alimtazama mtu waliyejenga naye matangi. Angeweza kuita polisi, na miaka ile polisi hawakuchelewa. Hakuita. Alionyesha lango kwa kidole, akaingia ofisini. Baadaye alituma neno kwamba Jepchumba na Akeyo waendelee na kazi, na kwamba chumba ni cha Jepchumba.

Kimaiyo alikwenda chumbani akamkuta Wasike ameketi kitandani, Chelagat akimpigia ngoma kwenye kopo. Alimtoa mtoto nje. Alimweleza yote akiwa amesimama, kwa maneno machache, kama mtu anayetapika. Wasike alisikiliza hadi mwisho. Aliitazama miguu yake iliyofungwa vitambaa.

“Uliponivua viatu ulikuwa unalia,” alisema. “Ulikuwa unanililia mimi au ulikuwa unajililia wewe?”

“Sijui.”

“Fikiri.”

“Nimefikiri kila siku, Wasike. Sijui.”

Wasike alitikisa kichwa polepole. Aliomba fimbo. Kimaiyo akamletea ile ya kuchungia iliyokuwa pembeni mwa mlango, akanyoosha mkono kumwinua, lakini Wasike aliukataa, akajinyanyua peke yake huku jasho likimtoka. Akatoka, akapita kando ya matangi, akaelekea Bondeni kwa hatua za mtu anayetembea juu ya makaa. Jepchumba alimwona kutoka chini ya paa la bati. Alikimbia akamfikia langoni, wakazungumza kidogo, kisha akamkimbilia mwenye mkokoteni aliyekuwa akipita na kumsihi ambebe.

Jioni, kabla hajaondoka, mumewe alimuuliza swali alilokuwa amelificha miezi yote.

“Ulimpenda?”

Jepchumba alikuwa akipepeta mtama. Hakukasirika kama Kimaiyo alivyotarajia. “Nilipenda kucheka,” alisema. “Humu ndani hakuna anayecheka tangu Mhindi alipomwuliza Wasike rangi ya maji.”

Kimaiyo alipata kazi ya kukamua ng'ombe katika shamba la Mzungu mmoja huko Dundori, juu kwenye baridi na viazi. Jumapili alishuka Nakuru kumwona mkewe na mtoto, akiacha siagi mezani, wakiongea mambo ya mtoto. Kwa muda mrefu Jepchumba alimkaribisha kama mgeni. Hakumfukuza, lakini chai alimpa kwa kikombe cha wageni.

Yadi yenyewe haikudumu. Mawe ya kijani yalikuwa ya juu juu tu. Wachimbaji wa kule Kerio walipozidi kwenda chini walikuta mawe mengine, ya manjano yenye kung'aa, mazuri kuliko ya kwanza. Bwana Devshi alishangilia mpaka alipoyatia tangini. Asidi ilipita katikati yake ikatoka chini safi kama ilivyoingia. Walijaribu kuiongeza ukali, walijaribu kuyaponda yawe unga, hakikutoka kitu. Kabla mwaka haujaisha matangi yaliuzwa kuwa mbao za kuni, na Bwana Devshi akarudi nyuma ya kaunta yake, kati ya misumari na rangi. Akeyo alirudi kwao. Jepchumba, ambaye sasa hakuwa na kazi wala chumba, alifunga vitu vyake na kumfuata mumewe Dundori. Alipofika alitazama kibanda, akatazama ukungu, akasema, “Hapa kuna baridi,” akaanza kufagia. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume.

Wasike walikutana naye mara moja tu, mwishoni mwa miaka ya hamsini, sokoni Nakuru. Alikuwa mlinzi wa kinu cha unga na alikuwa ameoa. Alichechemea, lakini alikuwa amenenepa. Alimwamkia Jepchumba kwa mikono miwili, akauliza habari za Chelagat, akashangaa kusikia amekuwa mkubwa. Kisha akamgeukia Kimaiyo, na Kimaiyo akavua kofia.

“Habari ya siku nyingi,” Kimaiyo alisema.

“Nzuri.”

“Mimi nimetaka kuja kwako. Sikujua nitasema nini.”

“Ulikwisha sema,” Wasike alimjibu. “Sina kisasi na wewe, Kimaiyo. Ningekuwa nacho ningekupeleka kwa polisi siku ileile. Lakini chakula chako sitakula tena. Tuelewane hivyo.”

“Tumeelewana.”

Wakashikana mikono. Wasike akaenda zake kati ya wauza kabeji, na kila alipopita watu walimwita kwa jina, mwanamke huyu akimtania mguu wake, mzee yule akimshika mkono asimwachie, na nyuma yake kikabaki kicheko kidogo kidogo kila mahali. Kimaiyo alimfuata kwa macho. Alihisi wivu uleule ukimrudia, mchungu, mzima, kana kwamba haujawahi kulala hata siku moja. Alimwangalia mkewe, naye Jepchumba alikuwa akimwangalia yeye.

“Twende,” Jepchumba alisema. “Gari la shamba litatuacha.”

Kimaiyo akajitwika begani gunia la chumvi ya ng'ombe, akamfuata.